Ng'ombe wa Ijumaa

Mwaka ambao viwanda vya mkonge vya bondeni vilikuwa vikifungwa kimoja baada ya kingine, Dorkas alishuka kutoka Suji kwenda kufanya kazi Same mjini. Baba yake, mzee Sebastiani, alikuwa miongoni mwa waliorudishwa nyumbani kutoka mkongeni. Alipanda mlima na godoro lake kichwani, akawa anashinda barazani kama mgeni kwenye nyumba aliyoijenga mwenyewe. Serikali ilikuwa imesimamisha ajira. Wenzake Dorkas waliomaliza naye shule walikuwa wakiuza mitumba au wamekaa tu. Kwa hiyo mradi mmoja wa mifugo ulipomtafuta mtu anayejua kompyuta, na Dorkas akachukuliwa kwa cheti chake cha Moshi, mama yake alisimama kanisani siku ya Sabato akatoa shukrani mbele ya watu wote.

Ofisi ya mradi ilikuwa nyumba ya bati kando ya josho la kuogeshea mifugo, nje kidogo ya mji, pale tambarare inapoanza na milima inabaki mgongoni. Wafugaji walileta ng'ombe wao kuchanjwa homa ya mapafu, ugonjwa uliokuwa umeingia na kuanza kumaliza maboma. Kila ng'ombe aliyechanjwa alivishwa hereni ya bati sikioni, na habari zake zikaandikwa: rangi, umri, alama ya moto, jina la mwenyewe. Karani aliandika kwenye daftari, kisha Dorkas akazihamishia kwenye kompyuta.

Kompyuta yenyewe nayo ilikuwa mtumba, imeletwa na wafadhili baada ya kuchokwa kwao. Ukimaliza kumwandika ng'ombe mmoja, ilinguruma, taa ikawaka, ikakaa kimya kama mtu anayetafuta neno lililomtoka, ndipo ikakuruhusu kumwandika wa pili. Wafugaji waliokuwa wakisubiri karatasi zao za kupita vizuizi vya mifugo walisimama dirishani juani wakiitazama.

"Hii inatafuna nini?" mzee mmoja aliwahi kuuliza, na watu wakacheka. Dorkas alicheka pia, lakini moyoni alichukia. Alikuwa na vidole vyepesi, na alijua kwamba uzito ule ulionekana kuwa wake.

Mkuu wa mradi, Daktari Erasmo, daktari wa mifugo, alikuwa mtu wa maneno machache ambaye siku hizo alikuwa hapati usingizi. Wafadhili walitaka kuja kuona kazi kabla hawajaamua kama waendelee au wafunge. Ndiye aliyemwita fundi kutoka Moshi, kijana Mpare wa Kighare aitwaye Abednego, aje aone kama mashine inaweza kuharakishwa.

Abednego alifungua sanduku la kompyuta, akapuliza vumbi, akasikiliza diski ikinguruma kama anayesikiliza kifua cha mgonjwa.

"Dada Dorkas, mashine yako si mvivu," alisema. "Tatizo ni mwendo. Ukimwandika ng'ombe, diski inamweka mahali fulani. Halafu inakimbia mahali pengine kuandika ni wapi ilipomweka, ili siku ukimtaka imjue. Kisha inarudi tena. Ni kama mtunza ghala anayeingiza gunia ndani, anatoka mbio kuandika mlangoni kwa chaki, anarudi kuchukua gunia jingine. Kutwa nzima anakimbia."

"Sasa tutamfanya nini asikimbie?"

Akatoa kwenye mfuko kadi ya kijani, ndefu kama kiganja, imejaa vitu vidogo vyeusi, na pembeni imepachikwa betri.

"Hii ni kumbukumbu. Ile kumbukumbu ya kawaida ya kompyuta ni nyepesi lakini umeme ukikatika inasahau yote. Hii haisahau, kwa sababu ya betri. Kwa hiyo tunamwambia mtunza ghala: magunia yote yaache kwanza hapa barazani, na maandishi ya mlangoni yaandike hapa hapa. Jioni, ukimaliza kazi, unatoa amri moja, yote yanamiminwa kwenye diski kwa mpigo."

Alimwonyesha amri ile, wakaijaribu. Dorkas aliandika ng'ombe wa uongo, akabonyeza, na kabla hajaondoa kidole skrini ilikuwa tayari inamsubiri. Aliandika mwingine, na mwingine. Alijisikia kama mtu aliyevuliwa viatu vya mawe.

"Lakini nisikilize," Abednego alisema akifunga skrubu. "Betri ikianza kuchoka, kadi itapiga mlio. Ukiusikia, mimina kila kitu kwenye diski, rudi kwenye mwendo wa zamani, unipigie simu. Usiipuuze hata siku moja. Bila betri, hii nayo ni kama ile nyingine tu."

Dorkas akaitikia.

Kuanzia hapo mambo yalibadilika. Mfugaji alitaja ng'ombe wake na Dorkas akaandika papo hapo, mdomo na vidole vikienda pamoja. Karani wa daftari alionekana hana kazi, akahamishiwa kwenye dawa, na daftari likaachwa. Daktari Erasmo alianza kulala. Wafugaji walianza kumwita Dorkas kwa jina.

Mlio ulikuja wiki moja kabla ya wafadhili kufika. Ulikuwa mdogo, kama kifaranga ndani ya kapu, unalia, unanyamaza, unalia. Dorkas aliujua mara moja. Alijua pia kwamba akiyatii maneno ya Abednego, mashine itarudi kunguruma na watu watarudi kusimama juani, na wageni watakuta foleni dirishani. Aliinuka ili amwambie Daktari Erasmo. Akamkuta mlangoni pamoja na fundi rangi, anapaka nguzo chokaa kwa mkono wake mwenyewe.

"Vipi, Dorkas? Mashine iko sawa?"

"Iko sawa, Daktari."

Neno lilitoka lenyewe. Alirudi mezani, akafungua sanduku kwa bisibisi kama alivyomwona Abednego akifanya, akauchomoa waya wa spika. Kimya kikarudi. Alijiambia kwamba kila jioni atamimina bila kukosa, na wageni wakishaondoka atampigia Abednego. Na kweli kila jioni alimimina, akakaa akingoja diski imalize kunguruma, mpaka ikafika Ijumaa.

Ijumaa ile familia moja tu ndiyo iliyokuja, na ilichelewa. Alikuwa Loishiye, mfugaji wa upande wa Mkomazi, mwanamume mrefu mwenye sauti ya chini, pamoja na mkewe Naisiae na kundi lao lililokuwa limeanza kutoa mbavu kwa ukame. Hereni zilikuwa zimekwisha. Mchanjaji alimwambia Loishiye asihangaike, kompyuta itamjua, na karatasi yake ya kupita ataifuata wiki inayofuata. Jioni hiyo hiyo wachanjaji walikuwa wanahamia wilaya nyingine.

"Shikamoo baba," Dorkas alisema dirishani.

"Marahaba, mama. Nasikia mashine yako siku hizi haitutesi."

"Haitesi tena. Taja, naandika."

Loishiye akataja. Hakuangalia kundi, aliangalia mbele yake akawataja mmoja mmoja, mwenye madoa ya maji, mweusi wa tumbo jeupe, yule wa pembe moja, ndama wa yule wa pembe moja. Dorkas aliandika kwa kasi ya sauti yake. Wakati fulani Loishiye aliongeza mwendo ili amjaribu, Dorkas naye akaongeza, mpaka wote wawili wakaishia kucheka. Naisiae alisogea akampitishia kibuyu cha maziwa dirishani. Dorkas alikunywa akiwa amesimama, akajifuta midomo kwa kiganja.

Walipomaliza, jua lilikuwa limeshaanza kuelekea magharibi. Gari la Suji lilikuwa linasubiri abiria Makanya, chini ya mlima, na Dorkas, aliyepanda kwao kila Ijumaa, alitakiwa awe amefika nyumbani kabla jua halijazama, maana Sabato huanza hapo. Kumimina kungechukua muda. Alisimama na mkoba begani, akaitazama mashine. Akaamua kutoizima. Ikiendelea kuwaka, alijiambia, betri haitahitajika. Jumapili asubuhi atashuka amimine. Aliifunika kwa kitambaa, ikiwaka, akaondoka mbio.

Sabato ile kwaya iliimba vizuri. Baada ya ibada, watu wakiwa nje wanasalimiana, jamaa mmoja aliyetoka Same alisema umeme ulikatika mjini tangu usiku, nguzo imeanguka. Wengine wakaendelea na mazungumzo ya mvua. Dorkas aliuliza mara mbili kama ni mji mzima.

Umeme ulirudi Jumatatu. Aliwasha mashine, nayo ikamuuliza leo ni tarehe ngapi, kama mtu aliyezinduka hospitalini. Alifungua faili la ng'ombe. Wa Alhamisi walikuwepo hadi wa mwisho. Chini yao hapakuwa na kitu. Alitafuta tumbo jeupe, akatafuta pembe moja, ingawa alijua anatafuta nini na alijua hayupo.

Angeweza kusema asubuhi ile. Baadaye, kwa miaka mingi, hiyo ndiyo saa aliyoirudia kichwani, kwa sababu ilikuwa rahisi kuliko zote zilizofuata. Lakini wageni walikuwa wanakuja keshokutwa. Alijiambia akikutana na Loishiye atamwandika upya, hakuna atakayeumia. Wageni walikuja, wakasimama nyuma ya kiti chake, akawaonyesha. Mmoja alipiga makofi. Daktari Erasmo alimshika bega mbele yao akasema, "Huyu ndiye aliyetuokoa."

Siku zile ukame ulikuwa umekaza. Loishiye hakungoja tena karatasi. Alisikia majani yamebaki kando ya mto Ruvu, akaondoka na kundi lake. Kwenye kizuizi cha mifugo njiani maofisa walikuwa na orodha iliyochapwa na mradi, na jina lake halikuwemo, wala ng'ombe wake hawakuwa na hereni. Wakaliingiza kundi lake zizini, wakamwambia alete uthibitisho. Alitembea kurudi Same pamoja na Naisiae.

Dorkas aliwaona wakija kupitia dirishani. Daktari Erasmo alikuwa ofisini, akasikiliza maelezo mpaka mwisho, akamgeukia.

"Hebu mwangalie."

Dorkas aliandika jina kwenye kibodi. Alijifanya anasubiri, ingawa mashine ilijibu hapo hapo.

"Hayumo, Daktari."

"Angalia tena," Loishiye alisema kwa upole. "Ijumaa. Nilitaja, ukaandika. Mchanjaji alisema mashine inanijua."

"Hayumo, baba."

Loishiye aliinama kidogo ili amwone usoni.

"Mashine haina shida. Lakini wewe ulikuwepo. Wewe unanijua?"

Daktari Erasmo naye alikuwa akimtazama. Dorkas alihisi waya wa spika uliochomolewa ukining'inia ndani ya sanduku, karibu na goti lake, kana kwamba wote waliuona.

"Wiki ile watu walikuwa wengi," alisema. "Siwezi kukumbuka wote."

Naisiae alimtazama tu, bila hasira hata, kama mtu anayejaribu kuelewa lugha ngeni. Daktari Erasmo akaeleza kwamba chanjo imekwisha, shehena nyingine iko njiani, ikifika watachanjwa na baada ya hapo watakaa wiki kadhaa kabla ya kuruhusiwa. Alisema anasikitika. Loishiye akashukuru, na kule kushukuru kwake kulimwingia Dorkas kuliko kitu chochote kilichosemwa.

Chakula kilimshinda. Sabato iliyofuata kiongozi wa kwaya alimwomba aongoze sala, akasingizia kikohozi. Mama yake alimchemshia tangawizi, akainywa, akijua kwamba hana kikohozi na kwamba sasa anamdanganya hata mama yake. Baba yake alimuuliza kwa Chasu, lugha ya kwao, kama wamempunguza kazi. Hilo ndilo jambo baya kuliko yote alilolijua mzee Sebastiani. Dorkas akajibu hapana, kazi ipo, wamesema watamwajiri moja kwa moja, akaona uso wa baba yake unakunjuka, naye akatoka nje.

Kisha akaja Ledama, mdogo wake Loishiye, akitafuta dawa. Alisema maji ya zizini hayatoshi, na ng'ombe wa kaka yake wameanza kulala bila kuinuka. Mweusi wa tumbo jeupe amekufa.

Daktari Erasmo alikuwa anakula makande mezani kwake. Dorkas aliingia bila kubisha hodi.

"Daktari, Loishiye alichanjisha ng'ombe wake."

"Umezipata kumbukumbu zake?"

"Hapana. Nilimwandika mimi mwenyewe. Niliwaandika wote, na alinitajia mmoja mmoja, na mkewe akanipa maziwa. Nilimjua siku ile alipokuja hapa."

Erasmo aliacha kutafuna. Dorkas akamweleza yote, mlio, waya, gari la Makanya, umeme. Alieleza harakaharaka akitazama sakafu, na alipofika mwisho akagundua kwamba Erasmo hajauliza chochote kuhusu mashine.

"Siku ile nilipokwambia uangalie," alisema polepole, "mimi sikuwa naangalia mashine. Nilikuwa nakuangalia wewe. Ungesema 'alikuja, namjua', ningemwandikia kibali pale pale. Neno lako lilinitosha, Dorkas."

Dorkas hakuwa amewahi kulifikiria hilo. Siku zote alidhani ameua kitu kwenye kadi, na kwamba bila kadi hapakuwa na la kufanya.

"Hilo la betri tutalimaliza na Abednego," Erasmo alisema, akisukuma sahani. "Hili jingine sijui linamalizwa vipi." Akavuta karatasi akaandika kibali, akachukua ufunguo wa gari.

Harufu iliwapokea kabla ya zizi. Ng'ombe waliokufa walikuwa wameburutwa nje ya uzio, na walio hai walikuwa wameegemeana. Loishiye alikuwa amechuchumaa kwenye kivuli chembamba cha nguzo. Dorkas alimpa karatasi kwa mikono miwili.

"Shikamoo baba."

Loishiye hakuitikia. Aliishika karatasi bila kuisoma. "Imepatikana?"

"Haikupatikana. Mimi ndiye niliyeipoteza. Na siku ile ofisini nilikujua. Nilijua kwamba ulikuja."

Loishiye alimgeukia mkewe, akazungumza naye Kimaasai kwa muda mrefu, kwa sauti ile ile ya chini. Naisiae alikuja akasimama karibu sana na Dorkas.

"Mimi nilikupa maziwa," alisema.

"Ndiyo, mama."

"Ukanywa."

"Nilikunywa."

"Basi."

Akaenda kusaidia kuondoa miiba mlangoni mwa zizi. Kundi likatoka polepole. Wapo walioshindwa kuinuka, na kwa mmoja wao, ndama aliyekuwa bado anapepesa macho, Dorkas alipiga magoti na bakuli, akawa anamtilia maji mdomoni. Maji yalitiririka mengi yakaishia vumbini. Aliendelea mpaka Daktari Erasmo alipomwita mara ya pili.

Abednego alikuja baada ya hapo. Alifungua sanduku, akauona waya ulivyochomolewa, akamtazama Dorkas, kisha akaurudisha mahali pake. Akaweka betri mpya. Daftari lilirudishwa, karani akarudi nalo, na tangu wakati huo kila ng'ombe aliandikwa mara mbili hata watu wakisimama juani. Wafadhili walikubali kuendelea. Barua ya ajira ya Dorkas ilifika, naye akaiweka sandukuni chini ya nguo, hakumwonyesha mtu mpaka mama yake alipoikuta.

Ndipo akamweleza baba yake. Mzee Sebastiani alikuwa na mtamba mmoja, ng'ombe jike ambaye hajazaa, wa kukatiwa majani, aliyezaliwa na kukulia bandani, ndiye aliyekuwa tumaini la nyumba. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mchukue, umpelekee."

Walimshusha kwa lori mpaka tambarare, yeye na baba yake, wakamfikisha kwenye boma la Loishiye. Mtamba alisimama kwenye mchanga wa moto akiinua mguu mmoja mmoja. Loishiye alimzunguka, akamshika nundu, akamtazama anavyojikokota.

"Huyu hajui kutembea," alisema, na kwa mara ya kwanza tangu Ijumaa ile alicheka kidogo. Wazee wale wawili wakazungumza habari za mvua na za mkonge. Naisiae hakutoka nyumbani mwake. Walipoaga, Loishiye alimshika mkono mzee Sebastiani, akamwitikia Dorkas kwa kichwa tu.

Mvua zilipokuja, Ledama alileta mbuzi joshoni. Dorkas alimwandika, na karani akamwandika. Kisha Ledama akasema, kama aliyekumbuka salamu alizotumwa, kwamba yule mtamba wa milimani alikufa kwa ndigana, homa ya kupe, kupe wa huku hakuwazoea, na kaka yake amesema Dorkas asilete mwingine.

"Alisema kwa hasira?" Dorkas aliuliza.

Ledama alifikiri kwa muda, akiegemea fimbo yake, kwa sababu alitaka kujibu kweli.

"Hapana," alisema. "Alisema tu."

Nyuma yake mtu mwingine alikuwa ameshafika dirishani na kundi lake. Dorkas alimsalimia, akamwomba ataje polepole.